Ibara ya Nyumba ya Bi Kazija

Tangu chama tawala kiiachie nchi, katiba haikai tena kabatini. Kila nyumba ina ibara yake moja ya kusoma mlangoni asubuhi, na siku isiposomwa, ibara hiyo haitumiki nchi nzima. Kura ilipomwangukia Bi Kazija, aliichana bahasha ya ibara yake kwa kisu cha vitunguu.

"Makame we! Tumepata ile ya mtu kutochukuliwa nyumbani kwake bila hati ya hakimu!"

Mumewe akacheka. "Bahati yako. Jirani kapata ya rangi za bendera."

Kesho yake akajifunga kanga mpya, akasoma kwa sauti mpaka ghorofa ya nne wakampigia vigelegele. Serikali nzima ilikuwa ikimsubiri yeye!

Saa mbili sheha wa mtaa akaja na sukari kilo mbili, akamsifu.

"Mama, huwa unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, mwanangu!"

Sheha akaandika. "Na asubuhi usipokuwepo wewe, humu ndani nani mwingine anaweza kuisoma?"

Bi Kazija alikuwa keshamnyooshea kidole Makame, ndipo akaiona kalamu inavyosubiri jina la kuandika chini ya lake.