Mtungi wa Kivulini

Maji yalikuwa yamebaki nusu kibuyu Hakimu Ayamga alipoanza kuuliza maswali.

Kabla ya hapo asingeweza. Kwao Bolgatanga mgeni haulizi wala haulizwi jambo mpaka kwanza anywe maji, hata akiwa hakimu aliyekuja kuchunguza vifo vya ndugu wawili waliokwenda shamba asubuhi wazima, na adhuhuri wakawa maiti. Kwa hiyo alikunywa. Maji ya unga wa mtama, ya baridi, yenye tangawizi kali. Kwa jua lile, yalimshuka vizuri.

"Mama, siku ile wanao walikula nini?"

"Hawakula, mwanangu. Walirudi na kiu tu. Wakanywa maji, wakajilaza hapo ulipokaa."

"Maji gani?"

Bibi kizee alionyesha kwa kidevu. Mtungi ulikuwa kivulini, na kando yake kamba mpya ya polisi, imefunguliwa.

"Waliufunga wale askari. Wakasema, ole wake atakayeugusa kabla hakimu hajafika! Basi hatukugusa, hata kuku hakusogea." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Leo umefika, nimeufungua mwenyewe."

Hakimu alikitua kibuyu chini taratibu, kwa mikono miwili. Ulimi bado ulikuwa unamwasha.

"Mama," alisema, "hii tangawizi mmetia nyingi."

"Tangawizi?" Bibi alimkazia macho. "Tuipate wapi, mwanangu? Tangu msiba hatujafika sokoni."