Mechi kwenye Kioo Cheusi

Tangu utotoni Riziki hakuwahi kumshinda kaka yake, Makame, kwenye gemu ya mpira, na sasa gari la kumpeleka Riziki uwanja wa ndege lilikuwa njiani. Aliwasha mashine yao mpya ya gemu, akaingiza sidii. Kioo cha runinga kikaandika kwamba bila mtandao gemu haifunguki, na mtandao ulikuwa umekatika mji mzima.

"Umeme tunao, sidii tunayo, mashine yetu wenyewe," alisema Riziki. "Sasa ruhusa tunaomba kwa nani?"

"Shukuru," Makame alicheka. "Ungesafiri na aibu ya mabao matano."

"Shika pedi, kaka, acha woga."

Makame akaketi mkekani, pedi ya gemu mkononi. Kioo kilikuwa kimejizima kwa kungoja, lakini Riziki alianza kubonyeza huku akitangaza: anamtoka wa kwanza, anamtoka wa pili. Makame naye akajibu kwamba beki anafuata, beki anateleza. Nje honi ikalia.

"Napiga shuti! Pembeni kabisa, kulia. Haya, kipa wako?"

Makame alikodolea macho kioo cheusi, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe cha kipa kudaka, bado hajakibonyeza, na honi ikalia tena.