Wino Mbichi

"Bi Mize, mwanao yuko wapi?" askari aliuliza mlangoni. "Amri imeshasomwa. Mzazi asiyempeleka mtoto skuli ya serikali hufungwa."

"Yuko Tumbatu kwa bibi yake, mwezi sasa."

Mize aliikamata ncha ya kanga. Mtoto alikuwa chumbani, mvunguni mwa kitanda. Majirani walisema skuli ile huwabadilisha watoto dini, naye hakuwa na mwengine.

"Na chuoni kwa maalimu, kusoma Kurani, haendi?"

"Ataendaje, baba, naye yuko Tumbatu?"

Askari akageuka kuondoka. Ukutani, juani, uliegemezwa ubao wa chuo, umejaa alifu na bee za mwandiko wa kitoto.

Akaugusa. Kidole kilirudi cheusi, kimelowa wino wa masizi.

Alikitazama, kisha akautazama mlango wa chumba.