Bibi Harusi Aliyecheka

Mzee Shemdoe bin Hiza alitoka katika ukoo ulioheshimika Lushoto nzima. Baba yake alikuwa mwonyesha sinema wa wilaya, naye hakuwahi kukata hata kipande kimoja cha filamu, watazamaji wapige kelele wasipige.

Ndiyo maana mzee alizichukia runinga za siku hizi, ambazo mtazamaji akipiga miayo tu, huitengeneza filamu upya papo hapo ili impendeze.

"Zamani mwongozaji alimpiga jambazi risasi kumi na bado akamwimbisha," alimlalamikia mjukuu wake, Zuhena. "Upuuzi mtupu! Lakini upuuzi ule ulikuwa na mwenyewe, ukajua wa kumlaumu. Sasa nimlaumu nani, miayo yako?"

"Babu nawe! Haya, tutazame harusi yako," Zuhena alisema akicheka.

Picha zikaja. Marehemu mkewe, ambaye siku ile aliinamisha uso tangu mwanzo hadi mwisho, kama ilivyompasa bibi harusi mwenye adabu, sasa alikuwa anacheka na kuwapungia watu mkono.

"Nani amemchekesha?"

"Jana nilipoitazama nilipiga miayo kidogo, babu. Alikuwa amenuna mno. Ila hivi kapendeza zaidi, au siyo?"

"Irudishe ile ya kwanza."

"Hairudi, babu."

Mzee alitaka kuukumbuka uso ule ulioinama, lakini kila alipofumba macho aliuona ukicheka. Akaizima runinga.

"Keti hapa, Zuhena," akasema. "Nikueleze bibi yako alivyokuwa, kabla nami sijasahau. Na unisikilize bila kupiga miayo."