Farasi wa Uvunguni

Haya mjukuu wangu, nitegulie hiki: farasi wangu hali majani, na hodi ikibishwa hukunjwa akasukumwa uvunguni. Umeshindwa? Basi nipe mji, mji wowote. Ahsante. Nilipofika mji huo nilikuta ni kiti cha magurudumu, cha Zamzam.

Zamzam aliishi kwa kaka yake. Wageni wakija, wifi yake Saumu humshusha mkekani, akakikunja kiti na kukificha. Wageni wakikaa hadi magharibi, Zamzam naye hukaa papo hapo, haja imembana, huku akitabasamu.

Kiti kilipochakaa, wakaenda dukani wote watatu. Muuzaji akatoa viwili: kimoja cha kukunja, na kingine kigumu, hakikunjiki hata ukibembeleze.

"Tupe cha kukunja," alisema Saumu. "Hicho kingine kitajaa sebuleni kama ng'ombe aliyelala mlangoni!"

"Atakayekikalia ni nani?"

"Wifi yangu huyu. Yeye hana neno, chochote kwake sawa."

Muuzaji akainama. "Dada, wewe wataka kipi?"

Zamzam akatazama sakafu. Kaka yake alikwisha kukikunja kile cha kwanza, na vyuma vikalia ka! Kile kigumu kilikuwa katikati ya njia, na wateja wakikizunguka ili wapite.

"Jibu basi, wifi, unamweka mtu wa watu."

Zamzam alinyoosha mkono, akalishika gurudumu la kile kigumu.

"Hiki, wifi. Wageni watapita pembeni."