Ufizi wa Lodu

Siku Lodu alipokufa, mama yake, Santina, alimtemea mate Bibi Konga usoni, mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji. Bibi hakujifuta. Mate yalishuka polepole hadi kidevuni, yakachanganyika na ugoro.

Mtaa mzima wa Sherikat ulimjua Konga. Mtoto mchanga akitapika, yeye humchimba ufizi kwa spoki ya baiskeli, akatoa kijino cheupe kisichokomaa, akasema huyo ndiye mdudu anayemtapisha. Kucha zake zilikuwa za manjano. Shuka lake lilinuka samaki aliyeoza. Santina, aliyerudi kutoka ukimbizini Kenya baada ya amani kusainiwa, na ambaye mikono yake ilinuka spiriti siku zote, hakuweza hata kunywea kikombe alichoshika bibi huyo.

Mchana ule alirudi nyumbani kutoka zahanati yake akakuta kitanda kitupu.

"Konga amembeba na boda boda," alisema jirani aliyeachiwa mtoto. "Hospitali kubwa."

Alipofika, Lodu alikuwa ameshaingizwa ndani. Shuka la bibi lilikuwa limelowa matapishi ya kijani, mazito kama mlenda.

Daktari alitoka na glavu zenye damu, akatikisa kichwa.

"Utumbo ulijisokota. Damu haikupita, ukaoza wote. Mtoto akitapika kijani hivi, ni kisu siku ileile. Angeletwa juzi, tungeusokotoa."

Ndipo Santina alipotema.

"Ni huyu! Huyu mchafu! Mfungue mtoto mdomo, uone alivyomchimba!"

Daktari akarudi ndani. Hakukawia.

"Ufizi ni mzima."

"Mimi hapana gusa meno," alisema Konga. "Mimi iko naona rangi, nasema hii hapana kazi yangu, hii ya kisu. Siku ya kwanza mimi nasema. Mama Lodu nafukuza mimi kama mbwa. Maleshi, pole, Mama Lodu."

Akatoa chini ya shuka daftari la matibabu la mtoto. Daktari akalisoma kwa sauti.

"Jumatatu, anatapika kijani: malaria, dripu. Jumanne, tumbo limevimba: malaria, dripu. Jumatano, malaria." Akainua macho. "Mjinga gani ameandika haya?"

Mwandiko ulikuwa wa Santina. Sasa zahanati yake hufunguliwa saa mbili kila asubuhi, na foleni iko kwa Konga.