Shauri la Kobe Asiyefunga

Mnamo tarehe 14 Februari, mwaka wa ukame mkuu, wanyama wote wa bondeni walikuwa wakifunga ili mvua inyeshe. Kobe peke yake hakufunga, kwa kuwa hakuamini. Ngiri, mcha Mungu asiyeweza kutulia, akamshtaki mbele ya Hakimu Korongo, akitaka azuiwe kunywa katika kisima pekee kilichosalia. Kwa Kobe, hiyo ingekuwa hukumu ya kifo.

“Mzee Kobe, jana mchana ulikula?” Korongo aliuliza.

“Nilikula, Mheshimiwa. Sijapata kumdanganya mtu kwamba nafunga.”

“Mnamsikia?” Ngiri alidakia, huku akizungukazunguka. “Tena hula mafichoni, kama mwizi.”

“Nilijificha kwa adabu. Ningetafuna tango mbele ya wenye njaa, ungeniitaje, bwana?”

“Adabu gani hiyo? Na tango lenyewe lilikuwa chungu upande wote wa kikonyo.”

Baraza zima likamkazia macho. Ngiri akaacha kuzunguka.

“Uchungu huo uliujuaje?” Korongo akamuuliza.

Ngiri akatazama kwato zake. Wote wakamgeukia Kobe, wakitaka awaeleze.

“Anayebisha hodi kwangu akiwa na njaa,” Kobe alisema, “simuulizi dini yake, wala simtangazi.”

Korongo akaamuru Kobe apishwe, akanywe. Wanyama wakampisha upesi, wakikwepa kutazamana, na hapana hata mmoja aliyethubutu kuuliza ni wangapi waliokwisha kubisha hodi kwa Kobe.